Risasi za Mama Hazikai Wima

North Platte, Nebraska
12 Juni 1994

Baba,

Nisamehe kwa kukaa miezi saba bila kukuandikia. Kila juma nilisema nitaandika Jumapili, na kila Jumapili kulikuwa na mtoto mwenye homa, au nguo hazijafuliwa, au hasira yangu haijaisha. Nisikudanganye, mara nyingi ilikuwa hasira. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limekupa nafuu, na mbwa bado anakusikia ukimwita. Sisi hatujambo. Randall yuko relini, siku nne kazini na mbili nyumbani, na hizo mbili analala. Kendra ametimiza miaka mitatu na anamwamrisha kila mtu, hata mtu wa posta. Wade ana miezi mitano na bado hajaambiwa kwamba watu hulala.

Sipigi simu kwa sababu unajua tunavyokuwa kwenye simu. Wewe unasema "haya" mara tatu, mimi nakata.

Mzee Dub wa klabu ya kulenga shabaha ameniandikia. Anasema mwaka mmoja tangu mama afe unatimia Oktoba. Ikifika tarehe 8, siku ya mashindano ya vuli, kama hakuna mtu wa nyumba yake atakayesimama mahali pake, kibao chenye jina lake kitashushwa na nafasi ya saba atapewa mwingine. Masharti unayajua kuliko mimi: bastola iwe yake, risasi ziwe za aina aliyotumia yeye, mpigaji azishindilie mwenyewe mezani mbele ya watu bila msaada, na zote sita ziguse karatasi ya shabaha. Mama alisimama pale miaka ishirini na miwili, na kumi ya kwanza alikuwa mwanamke peke yake. Sitaki jina lake lishuke. Wewe ulirudisha kadi yako ya klabu siku ya pili baada ya mazishi, kwa hiyo nimebaki mimi.

Bastola ninayo, ile ya kizamani ya kujazwa baruti na risasi kwa mkono, uliyonipa imeviringishwa kwenye taulo. Risasi ndizo zinazonishinda. Ninyi wanaume wa baruti nyeusi wote mnapiga gololi, mama akapenda hizi za ncha. Kalibu yake ya kuzitengenezea sijui iko wapi. Au tuseme najua: ilikuwa juu ya meza nje ya gereji pamoja na aproni zake na vikombe vyake, vimebandikwa bei, wiki tatu baada ya kumzika. Kwa hiyo nimenunua kalibu nyingine kwenye soko la vitu vya zamani. Risasi zinatoka nzuri za kuangalia, lakini nikiweka moja mdomoni mwa tundu la silinda inakaa kama mlevi kwenye stuli. Nikivuta wenzo wa kushindilia, inalala upande, inachunika upande mmoja, inaingia kombo. Nyingine ni ndefu mno, hazipiti hata kwenye kile kidirisha cha kupakilia.

Mama alifanyaje zikakaa wima? Niambie tu hilo. Mengine tutasema siku nyingine.

Binti yako,
Ladonna


Hackett, Missouri
20 Juni 1994

Mwanangu Donna,

Barua nimeipata. Mimi mzima. Goti ni lile lile. Mbwa alikufa Machi, nilimzika nyuma ya banda la kuku. Nimefurahi watoto wanakua. Mwambie Randall asivuke reli akiwa na usingizi.

Kalibu ya mama yako ilikwenda siku ile na vingine. Sijui aliichukua nani. Watu walikuwa wengi, nami nilikaa kwenye kiti nikimwambia kila mmoja ndiyo.

Kuhusu risasi, nitakuambia nilichomwambia mama yako miaka yote. Gololi haina juu wala chini, kwa hiyo haiwezi kukaa kombo. Mtu akichagua risasi yenye ncha amechagua kazi. Lakini sharti ni sharti. Chukua tupa ya nusu duara, ukiongeze kile kidirisha cha fremu upana wa ukucha. Risasi itapita, na kidole chako kitapata nafasi ya kuishika wima wakati unavuta wenzo. Wengi hufanya hivyo.

Kula vizuri, unanyonyesha.

Baba yako


North Platte
27 Juni 1994

Baba,

Natumaini u mzima. Pole sana kwa mbwa. Kendra ameuliza kama alizikwa na bakuli lake, nikasema ndiyo. Kama hukumzika nalo, usimwambie.

Tupa sishiki. Hakuna atakayekata bastola ya mama, si mimi si wewe. Vitu vyake vimeshapungua vya kutosha. Naomba usinitajie tena.

Lakini sikukaa bure. Nilidhani labda tatizo ni madini yenyewe, kwamba risasi zangu ni laini mno ndiyo maana zinapinda njiani. Rafiki yake Randall anafanya kazi duka la tairi, akanipa ndoo ya vile vizito vinavyobandikwa kwenye rimu kubalansi gurudumu. Nimeviyeyusha Alhamisi kwenye jiko langu, ndani ya sufuria yangu kuukuu ya maharage, Wade akiwa kwenye kiti chake pembeni ananichekea na Kendra akihesabu: moja, mbili, nne, kumi. Zimetoka zinang'aa kama vijiko. Ngumu kweli. Nikaweka moja, nikavuta wenzo kwa nguvu zangu zote, haikuingia. Nikavuta tena huku nimeegemeza goti. Kitu kikatoa mlio. Pini ya wenzo imepinda, sasa wenzo wenyewe unaning'inia kama mkono uliovunjika.

Nimeiua bastola ya mama, Baba? Niambie kweli. Na niambie alifanyaje. Ni wewe uliyekaa naye meza moja miaka yote hiyo, mtu hawezi kukaa miaka hiyo bila kuona chochote.

Binti yako,
Ladonna


Hackett
30 Juni 1994

Donna,

Zima jiko.

Bastola haijafa. Pini ni kazi ya dakika kumi. Sizungumzii bastola.

Madini ya risasi ni sumu, kwa watoto zaidi. Ile sufuria itupe, usiichemshie hata maji. Sakafu uipige deki kwa kitambaa kibichi, usifagie. Nguo ulizovaa Alhamisi usizichanganye na za watoto. Ndoo itoke ndani ya nyumba leo. Kisha wapeleke wote wawili wakapimwe damu, na wewe pia, maana unanyonyesha.

Mama yako hakuyeyusha hata risasi moja tangu alipojua ana mimba yako mpaka ulipoanza shule. Nilimyeyushia mimi, nje, upepo ukiwa mgongoni. Hilo ni jambo ambalo mtu anapaswa kumwambia binti yake kabla hajaolewa, na sikukuambia. Kosa ni langu. Usijilaumu.

Na vile vizito vya tairi vimechanganywa na madini mengine, ndiyo maana ni vigumu. Risasi ya baruti nyeusi lazima iwe laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha. Lakini hilo baadaye.

Niandikie mara moja.

Baba


Hackett
14 Julai 1994

Mwanangu,

Natumaini mko wazima. Sijapata barua. Nimepiga simu mara mbili, ikaita, nikakata kabla hujashika. Sikujua nitaanzaje.

Kama umekasirika, kasirika, lakini niambie kuhusu watoto.

Baba yako


Hackett
25 Julai 1994

Mwanangu Donna,

Natumaini mko wazima. Bado sijasikia kitu. Nitaandika hivyo hivyo, kwa sababu nikikaa tu nawaza.

Nimeipata kalibu ya mama yako. Ningependa iwe habari njema.

Nilianza kuzunguka kwa watu niliokumbuka sura zao siku ile. Bi Opal wa kanisani ana aproni ya bluu. Alikuwa ameivaa, akaona aibu, akaanza kuifungua kamba. Nikamwambia aiache. Mtu wa duka la chakula cha mifugo ndiye aliyeniambia nimwone Lyle Kessinger, yule anayeuza minyoo na chambo kando ya ziwa. Nilimkuta kwenye gati amekaa juu ya ndoo.

Nikamwuliza, "Lyle, ulichukua kalibu kwangu mwaka jana?"

"Ile ya chubwi?"

"Si ya chubwi. Ni ya risasi za bastola."

Akatazama majini. "Basi mzee Orval, mwaka huu nimewapiga risasi samaki wote wa ziwa hili na hakuna hata mmoja aliyejua."

Ametoboa kalibu upande wa ncha ili apitishe waya. Anatengenezea chubwi za kuzamisha ndoano. Haifai tena kwa risasi, wala haitengenezeki. Sikumgombeza. Hakuiba, nilimpa kwa mkono wangu. Akanijazia chubwi kumi na mbili kwenye kopo la kahawa, hakutaka chochote. Akasema, "Mkeo alinipa keki niliposafishwa figo."

Sasa sikiliza. Nimeziweka zile chubwi chini ya kioo cha kukuzia. Umbo ni la risasi ya mama yako, ila tu lina kitanzi cha waya kichwani. Na chini, kitako si kipana kama mwili. Kuna ngazi ndogo. Kitako ni chembamba kuliko tundu la silinda kwa unene wa nywele mbili. Ndivyo zilivyokaa wima. Kitako kinaingia tunduni chenyewe kama mguu kwenye kiatu, kinaishika risasi, ndipo wenzo unasukuma mwili uliobaki, na mwili ndio unaochunika pande zote sawasawa na kuziba. Kalibu yako mpya haina ngazi hiyo. Kitako kipana hakina pa kuingia, kwa hiyo kinateleza.

Jambo moja zaidi. Ile ngazi niliichonga mimi. Nilipoiona tu niliutambua mkono wangu. Ilikuwa mwaka 1971, mama yako alikuja kiwandani nilikofanya kazi na kipande cha karatasi amechora. Miaka yote nimewaambia watu ni ujanja wa mama yako, wa Vesta, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilikuwa ndani yake.

Tafadhali, watoto.

Baba yako


North Platte
2 Agosti 1994

Baba mpendwa,

Nisamehe tena, nimekuwa mtu wa kuomba msamaha kila barua. Sikukasirika. Nilikuwa nasubiri damu. Nilijiambia nitaandika nikiwa na jibu, na jibu likachelewa, na kila siku lilipochelewa niliogopa zaidi kuandika.

Jibu limekuja jana. Mimi sina kitu. Wade hana kitu. Kendra, sumu kwenye damu yake imepanda kidogo. Si ya kutisha, hakupewa dawa. Anawe mikono kabla ya kula, ale maharage na maziwa, asiguse uchafu wa ile kona ya jiko nilipoyeyushia, apimwe tena Oktoba. Muuguzi akaniuliza, "Mnafanya nini nyumbani?" Nikasema natengeneza risasi. Akaweka kalamu chini. Nikasema, "Za mashindano. Za bastola ya mama yangu, amekufa." Akaichukua tena kalamu, akaandika "shughuli ya ufundi." Alinishika bega wakati natoka. Nilikaa ndani ya gari dakika ishirini na watoto wawili nyuma, nikalia huku nawapa biskuti.

Sufuria imekwenda, ndoo imekwenda. Randall alipiga deki jikoni mara tatu kwa magoti yake.

Kwa hiyo mimi siyeyushi tena. Utayeyusha wewe. Siombi, naeleza hali ilivyo. Nakutumia kalibu yangu, silinda, na wenzo pamoja na pini yake iliyopinda. Vimo ndani ya sanduku la nepi, usishtuke. Fanya ile ngazi.

Nilisoma habari za mchoro wa mama mara nne. Mara ya nne nilimsomea Kendra kwa sauti.

Binti yako,
Ladonna


Hackett
19 Agosti 1994

Mwanangu Donna,

Nimesoma barua yako nimesimama kwenye sanduku la posta, halafu nikakaa chini barabarani. Jirani alisimamisha gari akidhani nimeanguka. Asante Mungu kwa watoto. Mpe Kendra maharage.

Sanduku la nepi limefika. Wenzo nimeunyoosha na pini ni mpya. Sasa kuhusu ngazi. Kalibu huwezi kuipunguza tundu, chuma kikishakatwa hakirudi. Kwa hiyo nimefanya mawili. Kwanza nimeikata kalibu yako upande wa juu, risasi zimekuwa fupi kidogo, zinapita kidirishani bila kuomba ruhusa. Pili nimekereza pete ya chuma. Naweka risasi juu ya pete, naigonga kichwa taratibu kwa nyundo ya mbao mpaka kitako kizame kwenye alama. Kinabanwa, kinatoka chembamba. Nimepima kwa matundu yote sita. Tundu la tano ni pana kidogo kuliko wenzake, lilikuwa hivyo tangu zamani, kwa hiyo risasi zake sikuzibana sana. Nimeziweka alama ya kalamu nyekundu. Usizichanganye. Risasi iliyolegea, bastola ikiruka kwa kufyatuliwa, hutambaa mbele, inatokeza, na silinda haizunguki tena.

Nimekutumia silinda, wenzo na risasi hamsini. Zimeoshwa, zimepakwa nta ya nyuki na mafuta ya kondoo. Zishike kwa glavu na unawe.

Sikuwa nimewasha ile sufuria ya kuyeyushia tangu mama yako afe. Nilidhani sitaweza. Niliwasha, nikasimama nayo, ikayeyuka kama siku zote.

Ulinikuta na meza zile nje ya gereji na ukasema nimemwuza mama yako kama vikombe. Sikukujibu. Nakujibu sasa. Nilikuwa naingia jikoni naona aproni, nasahau, namwita. Mara nne tano kwa siku. Nikadhani vitu vikitoka nitaacha kumwita. Vilitoka, nikaendelea kumwita, na sasa hakuna hata aproni. Hiyo ndiyo habari yote. Si nzuri lakini ndiyo hiyo.

Baba yako


North Platte
6 Septemba 1994

Baba mpendwa,

Natumaini u mzima, nasi tuko wazima, ila Wade anaota meno mawili kwa pamoja na ameamua sote tuyaote naye.

Zinakaa! Ningependa ungeona. Niliweka ya kwanza mdomoni mwa tundu, nikaondoa kidole, ikabaki imesimama yenyewe. Nilienda shambani kwa shangazi yake Randall, yeye akakaa na watoto ndani, mimi nikashindilia zote sita juu ya kigogo. Kila moja iliacha pete nyembamba ya madini pande zote, sawasawa, kama ganda la chungwa likimenywa na mtu mwenye subira. Nikaweka fataki za kuwashia baruti. Zote sita zilitoka. Ya tano, ile nyekundu, haikutambaa. Nne ziligusa karatasi, mbili ziligusa Nebraska. Hilo ni la mazoezi tu. Nilinawa mpaka kwenye viwiko kabla ya kumshika mtoto.

Sasa nakuambia jambo, na usome mpaka mwisho kabla hujaanza kusema "haya."

Sitapiga mimi tarehe 8. Utapiga wewe.

Dub anasema mtu wa nyumba yake. Wewe ndiye nyumba yake. Tangu Juni nilifikiri nalinda jina la mama dhidi yako, kwa sababu wewe ulirudisha kadi na kuuza vitu. Kumbe hata risasi zake zilisimama juu ya kitu ulichochonga wewe. Mimi nilijifunza kuzishindilia Agosti, wewe uko ndani yake tangu 1971. Nikisimama pale mimi, watu watapiga makofi, watasema binti amekuwa mzuri, na wewe utabaki nyumbani unaita mtu jikoni. Sitaki hivyo.

Na siji. Ningekuja, ila najua nikiwa pale utanisukumia bastola mkononi dakika ya mwisho, na mimi nitaichukua kwa sababu nakuhurumia. Kwa hiyo sitakuhurumia kwa karibu, nitakuhurumia kutoka Nebraska. Bastola na risasi arobaini na nne zimeondoka leo kwa posta.

Binti yako akupendaye,
Ladonna


Hackett
12 Septemba 1994

Donna,

Haya.

Nimesoma mpaka mwisho. Jibu ni hapana. Mikono inatetemeka, si kama zamani. Mwandiko huu unauona. Mimi ni mtu wa gololi, nilimtania mama yako mbele ya wale wote miaka ishirini na miwili. Merle Yount wa klabu atacheka mpaka ajikojolee. Na kadi nilishairudisha.

Nikikosa, jina lake linashuka kwa mkono wangu. Umefikiria hilo?

Nitakurudishia bastola Ijumaa.

Baba yako


North Platte
17 Septemba 1994

Baba,

Nimefikiria. Usiku nanyonyesha, muda wa kufikiria ninao.

Ukikosa, litashuka ukiwa umesimama chini yake. Usipokwenda, litashuka wewe ukiwa jikoni. Chagua.

Kadi yako Dub anayo. Nimemwuliza. Anasema hakuwahi kuitoa kwenye droo.

Ukiirudisha bastola, sitaipokea. Nimeshamwambia mtu wa posta, na Kendra amemwambia pia, na mtu wa posta anamwogopa Kendra kuliko mimi.

Nakupenda. Fanya mazoezi.

Ladonna


Hackett
9 Oktoba 1994

Mwanangu Donna,

Natumaini mko wazima na meno yametoka. Naandika Jumapili baada ya kanisa, nikiwa bado na nguo za kanisa.

Nilikwenda. Nilifika mapema nikakaa garini. Dub akaja dirishani, akaniwekea kadi yangu kwenye kioo cha mbele kama tikiti ya kosa la maegesho. Nikashuka.

Merle Yount aliponiona natoa zile risasi akapaza sauti, "Orval! Nani kakutongoza ukaacha gololi?"

Nikasema, "Mke wangu. Ilimchukua muda."

Walicheka, naye Merle akacheka, lakini akavua kofia na hakuivaa tena.

Meza ilikuwa ile ya nafasi ya saba. Kibao cha mama yako kiko juu ya kichwa, kimepauka. Nilipima baruti, nikashindilia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Zilikaa. Nikaweka ile nyekundu kwenye tundu la tano, ikakaa. Ya sita mikono ikaanza. Nikiisimamisha inalala, nikiisimamisha inalala. Ngazi haikuwa na kosa, kosa ni mikono. Nikasikia Merle anapiga hatua kuja, na Dub akamwambia, "Usimguse, sharti."

Basi nikafanya jambo. Nikaiweka ile risasi juu ya meza, nikaweka mikono mifukoni, nikasimama tu. Hakuna sharti linalosema ushindilie haraka. Nilisimama dakika tatu nne, labda zaidi. Kuna ndege alikuwa juu ya waya anapiga kelele. Nilimweleza mama yako kimoyomoyo kwamba ninasubiri mikono. Ikatulia. Nikaitoa, nikaiweka risasi, ikasimama, nikavuta wenzo.

Nilipiga sita. Tano ziko ndani ya karatasi, moja karibu na katikati, kwa bahati tu. Ya sita ilikata ukingo. Dub alileta kioo cha kukuzia, akatazama, akampa Merle, maana Merle ni mwamuzi na hapendelei mtu. Merle alitazama kwa muda mrefu sana. Halafu akasema, "Imegusa. Na anayebisha akabishane na Vesta."

Jina lake linabaki.

Nilikwenda nyumbani nikapika mayai. Niliingia jikoni nikamwita, kama kawaida. Lakini safari hii nilikuwa na cha kumwambia.

Baba yako


North Platte
16 Oktoba 1994

Baba mpendwa,

Niwie radhi kwa siku hizi nne. Barua yako ilifika Jumatano, nami nimekuwa nikiisoma badala ya kuijibu. Randall aliisoma amesimama na buti zake za kazi, akaenda nje kuangalia kitu kwenye gari ambacho hakikuhitaji kuangaliwa. Kendra amepimwa tena na damu yake imeshuka, muuguzi amefurahi, amempa stika ya tembo. Ameibandika kwenye paji la uso la Wade.

Sitaandika mengi kwa sababu nitalia na hapa kuna nguo za kukunja. Umefanya vizuri, Baba. Nilijua utasimama. Hilo la mikono mifukoni sikulijua, na nitalitunza.

Sasa, haya ndiyo ninayohitaji unitumie, na ninayahitaji yote:

Ile karatasi yenye matundu sita, iwekwe kati ya mbao mbili nyembamba isikunjike, na usiikate ule ukingo.

Picha yoyote ambayo mke wa Dub alipiga siku ile, maana hakosi kamera, hata kama umefumba macho.

Mbegu za maharage ya mama ya kutambaa, yale ya zambarau. Bi Opal anazo, mwombe konzi moja.

Majina ya dawa zako zote na saa unazozinywa, yaandikwe wazi, si kwa mwandiko wako wa kiwandani.

Soksi zako zilizotoboka. Zote. Usizichague.

Na mto wako wa kulalia, kwa sababu unasema huwezi kulala kwenye mto wa watu, na sikukuu ya Shukrani mwezi ujao utakaa kwetu wiki mbili. Utume wiki hii, utangulie, ili ikifika siku ya safari huna pa kulaza kichwa ila hapa.

Binti yako,
Ladonna